Pikapu Iliyokosa Pumzi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka vizuri, ingawa maneno yenyewe huenda nimeyachanganya kidogo. Yapokee hivyo.

Nilikuwa kijana, niko na pikapu kuukuu ya dizeli na dereva aliyeitwa Wachira. Kazi yetu ilikuwa kubeba maganda ya mpunga kutoka vinu vya Mwea na kuyapandisha Nyeri, wafugaji wayatandike kwenye mabanda ya kuku. Kidogo kidogo gari likaanza kukosa nguvu. Mwanzoni lilichoka mlimani tu. Baadaye hata kwenye tambarare Wachira alikanyaga mafuta hadi mwisho, na gari likanguruma tu bila kuongeza mwendo.

"Bosi, hii gari haipumui," aliniambia mara tatu. Mimi nilisikia kisingizio. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ananunua dizeli chafu, nikamwambia Jumamosi aende kwao asirudi.

Kabla Jumamosi haijafika tulipita kwa Mzee Gachau, fundi wa Karatina. Nilitaka tu aniunge mkono. Nikamhesabia makosa ya Wachira, mwenyewe akiwa amesimama hapo.

"Ni wewe unaiendesha?" mzee akaniuliza.

"Hapana."

"Basi wacha huyu aongee."

Akamuuliza mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria. Bila mzigo inakuwaje? Ilianza ghafla ama polepole? Moshi ni wa rangi gani? Wachira akajibu yote: bila mzigo ina nafuu, ilianza polepole, moshi ni mweusi.

"Mafuta inapata," mzee akasema. "Hewa ndiyo haipati."

Hapo nilisahau hasira, nikasogea karibu kama mtoto. Nilitaka kujua tu.

Mzee akapitisha mkono nyuma ya taa, pale bomba la kuvuta hewa linapoanzia, akatoa kitambaa cha kijani kilichokauka kwa vumbi.

"Nani alifunga hii?"

Wachira akatazama chini. Aliona kazi imeisha kabisa. Lakini mimi nilikitambua: kilikuwa kipande cha sweta yangu. Nilikifunga mwenyewe wakati wa mavuno, vumbi la maganda lisiingie kwenye injini, halafu nikasahau. Hakuna mwingine aliyejua.

Nilinyamaza. Sijui kwa muda gani. Ningependa kukuambia ulikuwa mfupi.

"Ni mimi," nikasema mwishowe.

Wachira akakitazama kile kitambaa, akanitazama. "Ati uliivalisha sweta, bosi? Ilikuwa inasikia baridi?"

Mzee Gachau alicheka hadi akakaa juu ya gurudumu. Nikamwomba Wachira msamaha mbele yake, na habari ya Jumamosi ikaishia hapo. Tulipanda hadi Nyeri na mzigo wote, gari likivuta vizuri, Wachira akipiga mluzi.

Kwa haki, mwanangu, dizeli chafu ipo, na madereva wazembe wapo. Sikwambii uwaamini wote. Nakwambia gari likikosa nguvu, muulize kwanza anayelishika kila siku, umsikilize hadi amalize. Kisha jiulize mkono wako mwenyewe uligusa nini. Fanya hivyo hata nyumbani.

Mungu akupe hamu ya kuuliza kabla ya kulaumu. Na siku utakapoulizwa nani alifunga, akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi.