Nta ya Baba Juu ya Bati

Enzi zetu pale Itigi, bati likitoboka humtafuti fundi, unamwambia baba. Wangu alikuwa mrina asali, na mama akimsihi aite fundi alikuwa na jibu lilelile: "Fundi ni mtu kama mimi." Kwa imani hiyo alikuwa ameutengeneza mlango wetu mara tatu, na bado tuliunyanyua kwa mikono miwili ndipo ufunge.

Mwaka aliozaliwa mdogo wangu, mama alikwenda kujifungulia hospitali, na baba akaapa kuwa mtoto hataingia katika nyumba inayovuja. Aliyeyusha nta ya nyuki kwenye kikaango cha mama, akapanda juu kuziba matundu ya misumari, mimi nikamshikia ngazi. Kila alipoziba tundu moja, goti lake lilifungua jingine. Alishuka kajaa masizi, kafurahi kweli. Siku ya tatu jua likaiyeyusha nta yote, ikadondokea kitandani kwa mama, na nyuki wakaingia kufuata harufu. Tuliwafukiza moshi, tukashinda nje tunakohoa.

Mama alirudi na kichanga chake, na mchana huohuo mvua ya kwanza ikashuka. Tulisogeza kitanda pembe zote nne za chumba, zote zinavuja. Nilidhani mama atagomba. Alisema tu, "Baba Neema, shika karai." Baba akapanda kitandani, akasimama ameliinua karai juu ya mama na mtoto, maji yakimwingia kwapani, mpaka mvua ilipokatika. Mtoto hakupata hata tone. Jioni ile baba alikwenda mwenyewe kumwita fundi, kimya kimya, na sisi tukajifanya hatujaona.

Leo naishi Singida mjini, kwenye nyumba isiyovuja, na namshukuru Mungu. Kitasa kikilegea tu, wanangu wanampigia fundi simu. Bisibisi kwao ni kitu cha kuona kwenye video. Mvua ikinyesha kila mtu yuko chumbani kwake, na kutoka chumba cha pili wananitumia ujumbe wenye vikopa vyekundu: mama, tunakupenda. Nafurahi, siwezi kusema uongo. Baba yangu neno hilo hakunitamkia mpaka tunamzika, na sikumbuki hata siku moja niliyojiuliza kama ananipenda.