Jina la Pacha wa Pili

Jumapili, tarehe 9 Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila radi, ile ya polepole inayoingia hadi ndani ya kuni. Milima ya upande wa Kongo haikuonekana kutwa.

Kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, binti yangu alitusomea hadithi yake huku nikikunja nguo zilizogoma kukauka. Anaiandika kwenye simu kipande kwa kipande, anawatumia wenzake aliomaliza nao kidato cha nne. Ni habari za nchi aliyoibuni mwenyewe, iko chini ya ziwa. Mimi niliishia darasa la saba na sijui nchi inabuniwaje, ila naona ameipangia mambo yake: nani anampa mtoto jina, nani haruhusiwi kulitaja, mtu akipata aibu jina lake linafanywa nini. Leo amefika kwa mapacha. Huko kwake, pacha mmoja akifa, aliyebaki anavuliwa jina la upacha siku ya kuanua matanga, anapewa jipya, na atakayemwita kwa lile la zamani anatozwa mbuzi.

Nikaacha kukunja.

Kwetu majina ya mapacha hayachaguliwi. Yapo tayari, la aliyetangulia na la aliyefuata, na hata anayezaliwa baada yao ana lake. Binti yangu ndiye huyo wa baada yao. Kaka yake, ambaye alikuwa amekaa mlangoni anasafisha plagi za injini ya boti, kazi yake ya huko mwaloni boti zinakotia nanga, ni pacha wa pili. Wa kwanza alichukuliwa na surua kabla hajajua kutembea.

Nilimwambia binti akifute kipande hicho. Akasema hiyo ni nchi ya kubuni tu.

"Basi ibuni bila sisi," nikamjibu.

Nilidhani kaka yake atakuwa upande wangu. Yeye akauliza nauli ya kwenda huko ni kiasi gani. Halafu uso ukabadilika. Akasema kila akitaja jina lake, mtu lazima aulize mwenzake yuko wapi. Wateja, askari, hata mama ntilie. Zamani alikuwa anasema ukweli, wanaanza kumpa pole na injini inasubiri. Akachoka.

"Sasa hivi unawaambiaje?" dada yake akauliza.

"Yuko Mpanda. Anaendesha lori la mahindi."

"Lake au la tajiri?"

"La tajiri. Lingekuwa lake angeshatutumia hela."

Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Nilitaka kumuuliza kama ameoa, huyo wa Mpanda. Nikanyamaza, maana niliogopa kuwa atanijibu.

Ndipo akatoa la moyoni. Jina la msikitini analo, lile la siku ya akika, lipo kwenye cheti na halitumiki. Anaomba tuanze kumwita hilo, hapa nyumbani kwanza.

"Mama, nimechoka kuwa wa pili wa mtu ambaye hayupo."

Nimekaa na neno hilo tangu adhuhuri. Nisimwonee mtu: anayeulizwa ni yeye, si mimi. Bibi yao, mama mkwe wangu wa Simbo, nilimpigia simu. Anasema jina la upacha mtoto huja nalo kutoka tumboni, halivuliki kama shati. Naye aliwabeba mgongoni wote wawili, ana haki ya kusema. Upande wangu sasa. Marehemu hana picha. Kaburi lake lilididimia kwa mvua, na leo ukinipeleka sina hakika kama nitakuonyesha lenyewe. Kilichobaki cha kusema kwamba nilizaa wawili ni watu kumwita huyu jina lake na kumuuliza mwenzake. Maswali yanayomchosha yeye, mimi nayapenda. Hilo sikumwambia. Pengine kumwambia ni kumtwisha mzigo, pengine kumficha ni kumdhulumu. Sijui. Mwenye elimu zaidi yangu angejua.

Jioni binti alinifuata jikoni akasema kipande amekifuta. Nikamwambia akirudishe.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi mtoe. Mtu anaweza kusahau."

Chakula kilipoiva nilimwita mwanangu. Jina la msikitini nililianza, likanikwama. Lile la siku zote nikalizuia midomoni. Nikaishia kusema, "Baba, njoo ule," kama mama yeyote anavyomwita mwanawe. Akaja, akanawa. Tumekula ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya mawese. Chumvi ilipungua kidogo, na hakuna aliyeniomba niongeze.