Mawifi wawili na bendera ya mshazari

Saa mbili asubuhi, mlango wa duka uko wazi nusu na cherehani inalia. Fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mshazari ameinamia kazi, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Mkono wake wa kushoto unaongoza kitambaa cha buluu, wa kulia cha kijani, na katikati yake kuna utepe mweupe usiozidi upana wa vidole viwili.

Nyuma ya cherehani amesimama wifi yake, mdogo wa mumewe, anaupokea mshono unavyotoka.

“Usivute, wifi.”

“Sivuti, napokea tu.”

“Basi pokea taratibu, mshono usije ukanuna.”

Kununa, kwa lugha ya duka hili, ni mshono kujikunja na kufanya mawimbi. Kitambaa kilichokatwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe, hulegea na kunyumbuka kama mpira. Ndiyo maana bendera ya mkoa wao haishonwi na mtu mmoja.

Bendera hiyo ilizaliwa wilaya mbili zilipounganishwa kuwa mkoa: moja ya kando ya ziwa, nyingine ya milimani. Kamati ilikubaliana mapema kuhusu rangi, buluu ya maji na kijani cha milima. Ubishi ukawa rangi gani ikae juu. Vikao vikavunjika, watu wakanuniana, hadi mwalimu mmoja wa uchoraji alipochukua rula na kuilaza mshazari, kuanzia kilele cha mlingoti hadi ncha ya chini ya upande wa pili.

Kijani kikapata kuwa juu, buluu ikapata kushika mlingoti. Mstari mweupe wa katikati ukawa barabara inayounganisha pande zote mbili.

“Yule mwalimu aliwapatanisha wakubwa, lakini sisi mafundi alitutwisha mzigo,” anasema Mama Mshazari huku akicheka. “Bendera ya kwanza niliifumua hadi nikalia.”

Yeye ni mtu wa ziwani, mumewe fundi baiskeli ni wa milimani. Alipoona kazi imemshinda, alimwita wifi yake aje kumshikia kitambaa. Wifi akaja kwa siku moja, akabaki. Baadaye akanunua cherehani yake mwenyewe, na tangu hapo wamekuwa wakigawana mapato sawa kwa sawa.

Mwaka huu baraza la mkoa lilitaka kubadilisha bendera iwe ya mistari iliyolala, ambayo ni rahisi kuchapisha kiwandani. Likaagiza sampuli mbili, moja buluu juu, nyingine kijani juu, wajumbe wazione na kuchagua.

Mama Mshazari alishona ya buluu kwanza, akaitundika kwenye waya juu ya pasi. Wateja wakaanza maneno. Mwanamume aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka bila hata kuijaribu, akisema ziwa limeanza kujikweza.

Wifi yake alikuwa anavumilia. Jioni akauliza, “Mbona ya buluu imekamilika, na yetu haina hata pindo?”

“Yenu inangoja zamu yake,” Mama Mshazari akajibu bila kuinua kichwa, “kama kawaida yenu.”

Wifi akatia mkasi wake mkobani, akafunika cherehani yake kwa kanga, akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Juma lililofuata likaja agizo la bendera kubwa ya uwanja, kwa ajili ya sherehe za mkoa. Ilikuwa ileile ya mshazari, maana baraza lilikuwa halijaamua. Mama Mshazari alijaribu peke yake, mshono ukanuna. Akafumua, akashona tena, ukanuna vilevile. Mumewe akaja kushika, akavuta kama anayekaza mnyororo wa baiskeli.

“Mke wangu, mimi hapa ni mume wa mmoja na kaka wa mwingine,” alisema akipangusa mikono. “Nikifungua mdomo nimekwisha. Nenda wewe.”

Akaenda. Alimkuta wifi yake uani anaanua nguo, naye bila kuambiwa akaanza kupokea na kukunja. Walipofika shuka la mwisho, Mama Mshazari akasema:

“Nilikukosea, wifi.”

“Si kwa ajili ya pindo,” wifi akasema. “Ulisema ‘yenu’. Miaka yote tunakula sahani moja, kumbe kuna yenu na yetu.”

“Wewe ndiye uliyeanza kusema ‘yetu’.”

Wifi akakumbatia nguo. Kisha kicheko kikamponyoka. “Kweli nilianza mimi. Lakini wewe uliongeza chumvi.”

“Niliongeza. Nisamehe.”

Asubuhi iliyofuata ile kanga ilitolewa juu ya cherehani.

Uamuzi wa baraza umeahirishwa hadi kikao kijacho, na sampuli zote mbili zimeshapelekwa. Mawifi hawa wanajua kwamba mistari iliyolala ikipita, kiwanda kitachukua kazi ya bendera. Hata ikibaki kwao, mshono ulionyooka hauhitaji mikono minne.

Hawajakaa kungoja. Wamezungumza na shule mbili za jirani kuhusu sare, na mume ameahidi kuwatengenezea meza ndefu ya kukatia, ingawa mkewe anasema ahadi za fundi baiskeli huwa hazina breki wala pedali.

“Nilikuwa naogopa kuuliza, wakibadilisha, wewe utakwenda wapi?” Mama Mshazari anamwambia wifi yake, mshono ukikaribia ncha.

Wifi anaukagua mstari mweupe kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Haujanuna popote.

“Niende wapi?” anasema. “Wao wataamua bendera. Mimi kesho nakuja na vipimo vya wanafunzi.”