Jina Lililoitwa Gatini Nguba

Leo mtu wa Bukavu akitaka kugusa maji ya ziwa lazima apite kwanza kwenye ukuta wa tajiri na mbwa wake, lakini wakati wa Zaïre ziwa lilikuwa la kila mwenye miguu ya kulifikia, na Jumapili baada ya misa nusu ya mji ilishuka mtaa wa Nguba kutazama wanaume wenye mvi wakiogelea.

Mvi, ndiyo. Vijana nao waliogelea, na watu waliwatazama huku wakitafuna karanga. Karanga zilisimama mdomoni pale walipoingia wazee, wale walioitwa vétérans, maana kati ya wazee wa Nguba na wazee wa Muhumba, ng'ambo ya ghuba, kulikuwa na ugomvi mtamu ambao hata mapadri walikuwa na upande wao. Serikali ilipotaka kila kitu kiwe na jina la nyumbani, klabu ya Nguba, iliyokuwa Dauphin, ikawa Samaki. Ya Muhumba, iliyokuwa Pélican, ikajiita Mamba.

“Mamba ya wapi?” walicheka watu wa Nguba. “Mu Kivu mulionaka mamba siku gani?”

“Njo maana tulikuya,” walijibu wa Muhumba. “Kukula sambaza za Nguba.”

Télesphore alikuwa mmoja wa hao sambaza, dagaa wa ziwa lile. Alikuwa fundi cherehani, na watu walipoacha kravati wakaanza kuvaa abakosti, koti la kufungwa hadi shingoni, mashine yake haikupata usingizi. Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango wa kazi, aliogelea. Alitaka kitu kimoja tu: kufika mbele ya Constantin, mwalimu mrefu wa Muhumba ambaye kila mwaka alimtangulia kwa urefu wa mkono. Sasa bega la kuume lilikuwa limeanza kumuuma hata akishika mkasi.

“Mwaka hii njo ya mwisho,” mkewe Georgette alimwambia. “Nikukande mafuta, na unizuie kulala kwa kulia ‘bega, bega’? Hapana. Apa mbele yangu.”

Akaapa.

Mashindano yalikuwa na sheria moja iliyozaliwa na aibu. Zamani kichwa kimoja kilifika gatini kikiwa cha kwanza, klabu zote mbili zikakidai, wakapigana makonde mpaka mwenye kichwa alipopanda juu, kumbe ni mvuvi aliyejipitia zake. Tangu hapo, mwogeleaji alishika nguzo ya chuma na kuita jina lake mara moja tu, kwa sauti. Asiyeita hajafika.

Na majina, wakati ule, hayakuwa mchezo. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Télesphore alikuwa citoyen, yaani raia, Birindwa kwenye karata yake ya kitambulisho, sokoni na klabuni; Constantin alikuwa citoyen Nshombo. Nyumbani kwa fundi tu sheria haikuingia.

“Miye niliolewaka na Télesphore mbele ya Mungu,” alisema Georgette. “Ule Birindwa miye simujuwi. Akuye kwanza kwa baba yangu.”

Siku ilipofika, mitumbwi iliwavusha wazee hadi Muhumba, ili waogelee kurudi gati la Nguba. Wakajipaka mawese kifuani kwa ajili ya baridi, kila klabu ikisema ya mwenzake imetiwa dawa.

“Citoyen fundi,” Constantin alimwita, “ulijishonea koti ya kuogelea? Maji ya leo iko baridi.”

“Angalia kwanza kaptula yako, mwalimu. Miye njo niliishona, na nilitia uzi ya kuoza.”

Wazee wakacheka mpaka matumbo yakatikisika, na katikati ya kicheko filimbi ikalia.

Constantin alitoka mbele kama kawaida. Télesphore hakumfuata kwa hasira kama miaka mingine. Alihesabia bega lake pumzi, akaliacha lipige pole, akaliomba lisimtupe. Katikati ya ghuba aliiona miguu ya Constantin ikitoa povu pembeni yake. Kisha hakuiona tena. Povu lilikuwa nyuma.

Karibu na gati, Georgette alikuwa ameingia majini na kikwembe chake, kitenge cha kwenda misa.

“Télesphore! Piga maji! Télesphore, uko unalala? Télesphore!”

Hakusikia kitu kingine duniani. Alishika chuma, akafungua kifua chote, akaita:

“Télesphore!”

Macho ya gati lote yakapanda juu. Juu kulikuwa na mkubwa mmoja wa serikali, mgeni wa siku, ndani ya abakosti ambayo Télesphore mwenyewe aliikata. Mkubwa akamwinamia mwamuzi, Ignace, akamnong'oneza. Ignace alikuwa mtu wa Nguba, lakini akatangaza:

“Mu mashindano hii... hatuna mutu ya jina hiyo.”

Télesphore akafungua mdomo. Lakini jina lilikuwa moja, na lilikuwa limekwisha kutoka.

Constantin akafika, akashika chuma kilekile. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa na neno moja la kusema, Nshombo, na kombe lingevuka ghuba kwenda Muhumba. Akatema maji. Akamtazama mkubwa, akamtazama fundi.

“Constantin!”

“Weye unasema nini?” Ignace karibu alie.

“Nasema jina yangu. Nilichoka, nilisahau.”

Hapo ndipo watu walipomkumbuka Modeste, mwenye bucherie, duka la nyama la Nguba, aliyekuwa wa tatu, mbali bado, akielea chali, akitazama mawingu. Nguba nzima ikapiga kelele: “Citoyen! Jina ya karata! Usisahau, citoyen!” Alipofika aliita “Citoyen Kalinda!” kama askari, na mkubwa, ambaye siku hiyo alipenda kucheka, akamkabidhi kombe.

“Na bale bengine?” Modeste aliuliza. “Balizama?”

Ufukweni mwa Muhumba wenzake walimzunguka Constantin.

“Uliuzisha kombe yetu!”

Akainamisha kichwa kutoa maji sikioni. “Kombe ya kupewa juu ya kosa ya mudomo ya mwenzako, utaiweka wapi mu nyumba?”

Leo mtu wa namna hiyo wangemwita mjinga. Hata nguzo ile ya chuma wameing'oa wakaiuza.

Télesphore alitimiza kiapo, hakushindana tena. Alishona, akanenepa, akafurahi na Georgette wake. Jambo moja tu lilimkwamia moyoni: amefika wa kwanza, mji wote umeona, na hakuna kinywa cha Muhumba kilichowahi kulisema.

Mara ya mwisho alipowaona Constantin na mkewe Eulalie, walikuwa juu ya lori la kwenda Nyangezi, wamekaa juu ya magunia na godoro. Mwalimu alikuwa amestaafu, anarudi kwao. Télesphore alikuwa amekuja kuaga.

“Kule utaogelea wapi, papa mwalimu?”

“Mu mutoni.”

“Utapiga kichwa ku majiwe, na urefu yako!”

Lori likaunguruma. Abiria mmoja, mwanamke mwenye kuku, akamuuliza Constantin yule muzee mnene wa chini ni nani. Constantin akajibu kwa sauti ya darasani, ya kushinda injini.

“Ule? Mumuangalie muzuri. Ule njo alinishindaka mu maji.”

Télesphore akasimama pale, mkono juu, mpaka vumbi la lori likamalizika.