Namba Moja Kwenye Faili la Marehemu

Nililigusa. Kwa miaka mingi nimekana, tena kwa kiapo, lakini leo naandika: kwenye faili la mwenzangu niliingiza mkono mimi. Amezikwa Jumatano huko Ushongo, na habari za msiba zilinikuta nikisahihisha makala yangu kuhusu uaminifu. Wasomaji mnaonifahamu mtacheka. Chekeni.

Kabla sijaanza kuwafundisha watu maisha gazetini, nilikuwa mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi moja ndogo hapa Tanga. Mimi nilikuwa na digrii. Marehemu alikuwa na cheti cha ufundi na chuki kubwa ya kazi ya kurudiarudia. Kuchora ngazi moja kwenye kompyuta kulitutaka tubofye mpaka kidole kife ganzi. Yeye akaiandikia programu maagizo yake mwenyewe, mistari ishirini hivi, akayaweka kwenye kompyuta zetu zote. Ukiandika herufi mbili tu, NG, unaulizwa kimo cha ghorofa, kisha vidato vinajichora pamoja na nondo za ndani, kila moja mahali pake. Mstari wa kwanza wa faili aliandika jina lake. "Dada msomi," alinitania, "hiyo digrii yako inachora ngazi kwa dakika ngapi?"

Siku moja nikaona nondo zimebanana mno kwenye karatasi, mchoro hausomeki. Nikafungua faili lile, nikabadilisha namba moja, nondo zikaachana. Nilikusudia kuirudisha baada ya chakula cha mchana. Sikuirudisha. Kompyuta haibishi, kosa langu la mara moja ikalirudia kwa utii kwenye kila nyumba iliyofuata, nasi tulikwisha acha kuhesabu nondo kwa kuwa faili lilituhesabia. Kwenye nyumba moja ya Mabawa, mbao zilizoshikilia zege zilipotolewa, ngazi ilikatika na fundi lipu akavunjika nyonga. Hakutembea tena sawasawa.

Faili likafunguliwa, namba mbovu ikaonekana, na jina lililokuwa juu yake ni moja.

"Dada, uliligusa?" aliniuliza mlangoni.

"Mimi? Mimi na hayo madude yako wapi na wapi!"

Akanitazama, akaenda kukusanya vitu vyake. Baadaye nilimkuta mara moja tu, Ushongo, akiwachorea watu vibanda vya wageni kwa penseli na rula. Nikamuuliza kompyuta kaiachia nani. "Hapa nikikosea, dada," akasema, "najua ni mimi." Nikamaliza maji yangu, nikaaga.

Watu wa pwani tuna adabu yetu: aibu ya maiti haitajwi. Matangani kila mtu alisifu mkono wake, akikaribia habari ya ngazi ananyamaza. Walidhani wanamsitiri yeye, kumbe aliyefunikwa ni mimi, nimekaa mkekani nakula wali wa msiba wake. Nilichojifunza ni kwamba stara nayo yaweza kumdhulumu mtu, hasa asiyeweza tena kujisemea.

Jana bosi wetu wa zamani akanipigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unamwandika mwenzetu. Lile la ngazi liruke, bibie, tumsitiri."

"Namba ile niliibadilisha mimi."

"Unasema?"

"Mimi, mzee. Kwa mkono wangu."



"Mimi nimeshamwambia mjane wake kwamba tumemsamehe," akasema. "Mbele ya wanawe."