Shangazi Yangu Hakukubali Kuitwa Sugu

Kwanza ilikuwa sauti. Ukungu ulikuwa umelikalia bonde kama kawaida yake ya Julai, umemeza matuta ya maharage na nusu ya kanisa, na kutoka tumboni mwake kipaza sauti kilipanda mlima kikikwaruza: "Wananchi wote... mkutano... upinzani... ofisi ya kijiji..." Maneno mengine yaliliwa na kona za barabara. Gari lenyewe lilipojitokeza, taa zikiwaka mchana, tangazo lilikuwa limeshamaliza kazi. Kijiji chetu chote, huku juu ya Lushoto, kilijua kwamba leo ofisini kwa mwenyekiti kuna mkutano wa upinzani.

Watu ambao hawajawahi kuhudhuria hata kikao cha choo bora walivaa makoti ya Jumapili.

Shangazi yangu hakuja kwa ajili ya siasa. Alikuja kwa ajili ya mguu. Jembe lilikuwa limemkata kwenye muundi wakati wa kulima maharage, na tangu hapo kidonda kilikataa kufunga. Si kwamba hakukitibu. Alikitibu kwa ustadi wa ukoo wetu mzima: vidonge vya rangi mbili kutoka kwa jirani, viwili siku kinapouma, hakuna siku kinapotulia, na kimoja kinapasuliwa unga wake ukanyunyizwa juu kama chumvi kwenye mhindi wa kuchoma. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia mtaalamu anakuja kutoka mjini, labda atautazama. Basi Shangazi akakaa mbele kabisa, mguu ameunyoosha juu ya tofali, kitenge kimefunika bendeji.

Mwenyekiti alifika na mgambo.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema mtaalamu, kijana mwenye viatu ambavyo havikuwahi kuambiwa habari za matope yetu.

"Marahaba. Kibali cha mkutano kiko wapi?"

"Ni semina ya afya, mzee."

"Nimesikia upinzani."

"Upinzani wa vijidudu."

"Wanampinga nani?"

"Dawa."

Mwenyekiti akamtazama mgambo, mgambo akatazama chini. "Dawa za serikali au za dukani?"

"Zote, mzee."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Wakipinga zote hiyo siyo siasa. Endelea."

Nusu ya watu wakaanza kuvua makoti.

Sasa ikawa lazima neno lirekebishwe, na hapo ndipo nilipoona jinsi nchi yetu ilivyobarikiwa wataalamu. Mwalimu wa fizikia alisimama akasema neno sahihi ni ukinzani, kitu ambacho waya unacho na kinapimwa. Bwana shamba akasimama kumjibu kwamba ukinzani ni jambo jema, yeye mwenyewe amekuwa akitushauri tupande viazi vyenye ukinzani dhidi ya mnyauko, na haitapendeza wakulima wasikie vijidudu navyo vinasifiwa. Mimi niliyejichagulia kuishi kwa maneno nilikaa nyuma nikijinyima kicheko. Kiazi kikikataa kufa, kinatangazwa kwenye maonyesho ya wakulima. Waya ukikataa kupitisha umeme, unaingizwa kwenye mtihani wa taifa. Kijidudu kikikataa kufa, kinaitishiwa semina yenye soda. Mtu akikataa, anakuja mgambo.

Mtaalamu alichoka. "Tuseme usugu," alisema, na akafurahi kupata neno ambalo halikuwa na mwenyewe ukumbini. Kisha akataka mfano ulio hai, kama wataalamu wote wanavyotaka, akaunyooshea mkono mguu juu ya tofali. "Kwa mfano mama yetu huyu. Hili ni tatizo sugu."

Shangazi alisimama. Aliushusha mguu, akakaza kitenge, akatembea katikati ya watu wote kwenda nje, polepole kwa sababu ya maumivu, jambo lililofanya hasira yake ichukue muda mrefu kupita kuliko alivyopenda.

Nilipotaka kumfuata, muuguzi alinishika mkono mlangoni. Hakunizungusha. Pale zahanati hawana namna ya kupima usaha na kujua ni dawa gani bado inaviua vijidudu vile, hospitali wanayo. Akiendelea na vidonge vya jirani, uchafu utafika kwenye mfupa. "Hapo hatutazungumzia tena dawa," alisema. "Tutazungumzia kukata."

Nilimkuta Shangazi jikoni, mgongo wake kwangu, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nasikiliza redio kila siku," alisema. "Mwizi sugu. Mlevi sugu. Leo na mimi nimeingia, mbele ya mwenyekiti."

"Amesema kidonda, Shangazi. Siyo wewe."

"Kidonda ni cha nani?"

Nilikaa kwenye kigoda nikaamua kutumia kipaji. Nilimwambia kwamba mwili ni kama misitu yetu ya Usambara, kwamba ndani yake kuna vita visivyoonekana, kwamba kukubali kutibiwa siyo kushindwa bali ni kuufungulia uhai dirisha. Nilisema vizuri mno. Mahali fulani katikati hata sauti yangu ilitetemeka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nipe huo ukuni."

Nikampa. Aligeuka, akaugeuzia moto kiganja chake, akanionyesha magamba magumu yaliyoota chini ya vidole. "Sugu ni hii. Imeota kwa jembe. Ndiyo maana jembe haliniumizi tena hapa. Hiyo ndiyo sugu ninayoijua mimi."

"Basi na wao imewaota, Shangazi."

"Nani?"

"Vijidudu. Umewapiga kidogo kidogo. Viwili leo, kesho hakuna. Waliobaki wameizoea ile dawa kama ulivyolizoea jembe. Wewe huna usugu. Wao ndio wanao, na wameupata kwako."

Alisema kitu kwa Kishambaa, kwa moto, siyo kwangu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, Kiswahili anachokitumia anapotaka mtu ashtakiwe.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafundisha?"

"Kwa namna fulani."

"Nimefundisha kwaya ya Usharika tangu wewe hujazaliwa. Sauti ya pili hawajaishika mpaka leo. Nawaimbia, narudia, nagonga meza, wanaimba ya kwanza. Na hawa wasio hata na masikio wameshika kwa vidonge viwili viwili?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Wanafunzi wangu hao."

"Ndiyo."

"Na sasa wanataka kunila mguu." Alisimama. Nilidhani anakwenda kulala, kumbe alikuwa anatafuta koti. Alilikuta nyuma ya mlango, akalipiga vumbi kwa nguvu ya mtu anayechapa. "Mpigie yule wa bodaboda. Aje sasa hivi, kabla sijapoa."

Nilipiga. Pikipiki ilipoanza kunguruma nje nilikuwa tayari nimevaa sweta, begi begani, nikijiona mpwa mwema. Shangazi alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Utaniandika. Utasema nililia nilipochomwa sindano."

"Sitasema."

"Na ng'ombe atapewa majani na nani? Na hayo maneno yako ya dirisha?" Alijifunga kilemba, akainua ule mguu juu ya kizingiti kwa mikono yake miwili, akakataa mkono wangu. "Na huko hospitali nitawaambia mapema. Wapime wanavyotaka, ila kwenye karatasi waandike jina langu, wasiandike sugu. Baki."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka komeo likalia.