Kumsindikiza Mama Mkubwa

Mama husema nilianza kutembea kabla sijajua kukaa. Simbishii. Tangu nianze kuandika haya nimeshasimama mara tatu, mara ya tatu bila sababu yoyote.

Kompyuta niliijua nikiwa na miaka kumi na sita, katika saiba moja karibu na soko la Gisenyi. Siku moja nilibonyeza vitufe nisivyovijua na ukurasa ukanionyesha matumbo yake: mistari na mistari ya maandishi yanayouambia uwe na rangi gani na picha ikae wapi. Nikayanakili kwa kalamu kwenye daftari la jiografia. Nyumbani hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo wiki nzima nilitunga kurasa zangu kwenye karatasi, na Jumamosi nikaenda kuzipiga nione kosa liko wapi. Kosa halikukosekana hata mara moja.

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya kwaya ya kanisa letu. Ya pili ilikuwa ya nyumba ya wageni kando ya ziwa, na mwenyewe alitaka maji yatikisike kwenye skrini. Nikayatikisa. Kutoka hapo nikapata kazi katika ofisi moja mjini, yenye kiti kinachozunguka na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mama, ambaye kila siku huvuka mpaka kuuza nyanya Goma, aliwaambia wenzake wote wa foleni: “Mutoto wangu iko ku bureau.” Miaka mitatu nilitazama ukuta uleule. Mkubwa wangu alibadilisha rangi ya kitufe kimoja asubuhi na kuirudisha mchana, na mimi nikahisi miguu inawasha chini ya meza. Nikaacha. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, “Bon, kesho asubuhi utakuwa unaenda wapi?”

Sikuwa naenda popote, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Nilijiajiri mwenyewe, wateja nikawapata kwa mtandao, wa mbali na wa karibu, na ofisi ikawa meza ya sebuleni kwetu, mtaa wa Nengo, chini ya dirisha. Chumbani sikuweza, kwa sababu simu inayonipa intaneti ikiingia kule inakamata mtandao wa ng'ambo ya mpaka. Lakini mtu anayeonekana dirishani mchana ni mtu asiye na kazi. Majirani waliniachia funguo, watoto wao, sufuria za maharage nizichungulie. Mama mwenyewe aliniachia wageni. Nilikubali yote nikitabasamu, moyoni nikiwaka.

Kisha ikaja ile Jumanne. Mwanamke mmoja wa Ubelgiji, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, alitaka tuonane kwa video saa nane mchana. Alikuwa ameshaona kazi zangu. Kilichobaki ni kuzungumza na kukubaliana, na kazi yenyewe ingenitosha mwaka mzima. Nilivaa blauzi niliyoacha kuivaa tangu nitoke ofisini. Saa nane kasoro dakika kumi akaingia mama mkubwa, dada yake mama, ametoka Rubavu kwa pikipiki na goti lake bovu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Nilimpa chai, nikamweleza kwamba nina mazungumzo, akaitika kwa upole na kukaa kimya nyuma yangu. Yule mteja alimwona kwenye skrini na kumpungia mkono.

Dakika ishirini mambo yalikwenda vizuri. Mara mama mkubwa akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akanong'ona, “Mi naenda, mutoto.”

Nani amwache mama yake mkubwa atoke peke yake? Kwetu mgeni husindikizwa, na mkubwa husindikizwa mbali zaidi. Nikamwambia mteja kwa Kifaransa, dakika moja tu, madam. Nilikusudia kuishia getini. Getini mama mkubwa akaanza habari ya goti. Kwenye kona tukakutana na jirani, wakasalimiana kwa kukumbatiana na kuulizana watoto mmoja mmoja. Kwenye lami pikipiki ya kwanza haikumpendeza. Niliporudi nikikimbia, skrini ilikuwa nyeusi. Mteja alikuwa ameacha ujumbe wa adabu kabisa: ameona nina shughuli nyingi nyumbani, na yeye anahitaji mtu aliye kazini.

Mama aliporudi jioni nilimweleza yote, na sauti yangu haikuwa ya mtoto anayesema na mzazi.

“Ulifanya vizuri,” alisema akivua viatu. “Ulitaka aende peke yake kama mutu mwenye amefukuzwa?”

“Mama, mi nilikuwa ku kazi.”

“Kazi gani? We si uko tu hapa nyumba.”

Nilimwambia nitahamia Kigali, mahali ambapo hakuna anayenijua. Sikusema kwa hasira tu, nilimaanisha. Mama akachukua beseni la nyanya zilizobaki na kuanza kuzichambua, mbovu huku, nzima huku, na mbili nzima nikaona amezitupa kwenye mbovu.

Wiki mbili zilizofuata sikupata mteja hata mmoja. Nilikaa dirishani nikitazama picha za vyumba vya kupanga Kigali, nimeshachagua kimoja, nimeshamwandikia mwenye nyumba. Siku moja mama hakwenda Goma, akabaki nyumbani. Nikasikia pikipiki ikisimama, kisha sauti ya mama mkubwa, kisha sauti ya mama yangu, ambaye maishani mwake sijamwona akimzuia mtu mlangoni, akimwambia dada yake:

“Yaya, usiingie. Mutoto iko ku kazi. Kuya nikusindikize, tutaongea njiani.”

Halafu nikaona vitenge viwili vikishuka polepole kuelekea barabarani, mmoja amemshika mwenzake mkono kwa sababu ya goti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mama alirudi peke yake. Alipita chini ya dirisha akinyata, viatu mkononi. Sikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Nikaweka vidole juu ya vitufe, nikaanza kuvipiga ovyo, kwa nguvu, ili asikie.